DESTURI NJEMA KAZINI HUJENGWA NA NANI?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, katika mkutano wa jioni baada ya zamu.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama, na ninyi vijana mlioandikwa kazi mwezi uliopita ambao mmejificha kule nyuma karibu na mlango,

Kamati ilituomba tuseme kidogo juu ya jambo linalotajwa sana siku hizi na wakubwa wa makampuni, yaani namna ya kujenga desturi njema na imara mahali pa kazi. Tumekubali, lakini ijulikane toka mwanzo kwamba sisi si wasomi wa mambo haya. Tulisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na baada ya hapo mwalimu wetu amekuwa nyundo na spana. Tutasema yale tuyajuayo ya relini, pamoja na machache tuliyoyasoma juu ya reli na viwanda vya nchi nyingine. Atakayeona tumekosea na aulize mwishoni, wakati upo.

Wakubwa wakisema desturi ya kampuni, mara nyingi maana yao ni bango. Mabango hayo mwayajua. Hubandikwa penye mlango wa ofisi, yana maneno manne au matano ya kupendeza: Uaminifu, Bidii, Umoja, Usalama Kwanza. Halafu watu hupewa fulana zenye maneno yale yale. Siku moja katika mwaka hupigwa mpira kati ya ofisi na karakana, hunywewa soda, na mkubwa husimama akasema kwamba sisi sote ni jamaa moja. Hatusemi kuwa soda ni mbaya, maana sisi pia tulikunywa. Lakini kesho yake asubuhi mtu hurudi kazini akakuta mambo yako vile vile kama jana, na hayo atakayoyakuta kesho yake ndiyo desturi. Desturi ni kile mtu anachofanya saa tisa ya usiku, mvua inanyesha, tochi inataka kuzimika, na hakuna mkubwa anayemwona.

Basi tukitaka kuijua desturi ya mahali fulani pa kazi tutazame nini? Wengine hutazama mshahara. Mshahara ni jambo kubwa na chama hakitaacha kuudai, ila mshahara mzuri waweza kulipwa mahali penye desturi mbovu kabisa. Wengine hutazama usafi wa choo cha wafanyakazi, na hao hawako mbali na kweli. Sisi tunatumia kipimo kimoja. Twauliza: mtu mdogo kuliko wote katika kazi hii akiona hatari akasema, "Simamisheni," hupata nini? Kama hupata shukrani, mahali hapo pana desturi njema hata kama hapana bango hata moja. Kama hupata barua, hiyo rangi ya bango imepotea bure.

Tutawapa mfano tulioushuhudia. Hatutataja yadi wala mtu, kwa kuwa hatukuja hapa kumshitaki mtu asiyekuwapo. Palikuwa na kijana mmoja, fundi wa mabehewa, hata mwaka haujamwishia kazini. Treni ya mizigo ilikuwa tayari kuondoka. Yeye alipita kando yake na tochi, akaona chuma kinachoshikilia breki bloki kimepasuka, ufa mwembamba kama unywele. Akamwita msimamizi. Msimamizi alitazama saa kabla hajatazama chuma. Kijana akashikilia neno lake, mwisho behewa likakatwa na kusukumwa kando, na treni ikaondoka imechelewa dakika hamsini. Siku ya pili kijana akapokea barua. Ajieleze kwa maandishi, katika muda wa saa 48, ni kwa sababu gani treni ilichelewa katika zamu yake. Habari ya ufa haikuulizwa hata kwa neno moja.

Chama kiliingia, na baada ya majuma mawili barua ile ikaondolewa katika faili. Lakini sikilizeni yaliyofuata, kwa maana ndiyo yaliyotufanya tusimame hapa jioni ya leo badala ya kwenda kulala. Miezi iliyofuata, katika yadi ile, hakuna aliyeona ufa. Nyufa hazikuisha, macho ndiyo yaliyoisha. Mafundi walipita kando ya mabehewa wakitazama viatu vyao. Kitabu cha kuandikia makosa kilikaa kitupu ukurasa baada ya ukurasa. Tena mkubwa wa pale akawaonyesha wageni kitabu kile kitupu, iwe ushahidi kwamba yadi yake ni salama kupita zote! Hakuna mtu aliyekaa mezani akaamua kwamba desturi ya yadi ile itakuwa ni kunyamaza. Ilijengwa na barua moja ya mistari sita, na ilijengeka vizuri kuliko mabango yote.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Relini kifo hicho hakimwendei mfichaji peke yake. Ndugu mnaofanya kazi ya breki mwakumbuka habari ya jirani zetu wa Tanzania. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu karibu na Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma yenyewe katika mteremko ikashika kasi mpaka ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Hatutaji habari hiyo ili kumlaumu mtu wa huko. Twaitaja ili kijana yule pale nyuma ajue kwamba kipande cha chuma anachokikagua usiku, kinachotosha kubebwa kwa mikono miwili, kimebeba watu wengi kuliko waliomo katika ukumbi huu.

Sasa twende mbali kidogo, mpaka Japani. Twaenda huko kwa sababu nchi hiyo ina mambo mawili ya reli, moja la kuogofya na moja la kuigwa, na yote mawili ni habari ya desturi.

La kuogofya ni hili. Tarehe 25 Aprili 2005, asubuhi, treni ya abiria yenye mabehewa saba ya shirika la JR West ilikuwa ikienda mbio kupita mji wa Amagasaki. Dreva alikuwa kijana wa miaka 23, hata mwaka mmoja wa udreva hajamaliza. Katika stesheni ya Itami alichelewa kushika breki akapita mahali pa kusimama kwa mita 72 hivi, ikabidi arudi nyuma. Treni ikawa imechelewa kama dakika moja na nusu. Kwetu sisi dakika moja na nusu haitoshi hata kumwamsha mtu wa ghala. Kule ilikuwa kosa zito. Mbele palikuwa na kona ambayo treni iliruhusiwa kupita kwa kilomita 70 kwa saa. Ile ilifika kwenye kona kwa kilomita 116. Ikaacha njia, ikajipiga katika jengo la nyumba za watu. Walikufa 107, pamoja na dreva mwenyewe, na waliojeruhiwa walikuwa 562.

Waliochunguza hawakuishia katika kusema kwamba dreva alikwenda mbio. Waliuliza ni jambo gani lilikuwa moyoni mwake. Ikajulikana ya kwamba katika shirika lile dreva aliyekosa aliondolewa kwenye treni na kutiwa katika mafundisho ya adhabu. Alikalishwa siku nyingi akiandika karatasi za kujilaumu, akikemewa mbele ya wenzake, na wengine walipewa kazi ya kung'oa majani. Kijana huyu alikwisha kupita katika hayo mwaka 2004, siku 13 nzima, kwa kosa kama lile la Itami. Basi siku ile ya 2005 alimwomba gadi wake apunguze hesabu atakapotoa habari, na kweli gadi alitaja mita 8 tu kwenye redio. Wachunguzi walisema kwamba yaelekea dreva alikuwa ameelekeza mawazo yake katika maneno ya redio ile, na katika kutafuta namna ya kujitetea, hata akasahau kushika breki kwa wakati.

Tafakarini hapo, ndugu zangu. Shirika lilitaka treni zifike kwa wakati. Ni nia njema, nani ataikataa? Likajenga desturi yenye nguvu sana ya kufika kwa wakati. Wakubwa hutuambia kila siku kwamba kampuni yataka desturi yenye nguvu, nasi twawajibu kwamba nguvu peke yake si sifa. Mto uliofurika una nguvu. Desturi ya Amagasaki ilikuwa na nguvu kiasi cha kumfanya kijana aogope barua kuliko kifo.

Na la kuigwa latoka kwa watu wale wale. Madreva na magadi wa Japani, tangu mwanzo wa karne iliyopita, wana mazoea ya kunyosha kidole na kutamka. Dreva akiona signali, hainyamazii. Huinyoshea kidole na kusema kwa sauti, kijani, pita. Akitazama saa, huinyoshea kidole na kuitaja. Gadi hutazama milango namna hiyo hiyo. Mtu mgeni akiwaona hudhani wana wazimu. Lakini mwaka 1994 taasisi yao ya uchunguzi wa mambo ya reli ililipima jambo hili, wakaona kwamba mtu akifanya kazi pasipo kunyosha kidole wala kutamka hukosa mara 2.38 katika kila mara 100, na akifanya yote mawili hukosa mara 0.38 tu. Jicho, mkono, mdomo na sikio vyafanya kazi pamoja, na mawazo hayapati nafasi ya kutoroka kwenda nyumbani. Tangu mwaka 1996 magadi wa treni za chini ya ardhi za New York nao hunyosha kidole kwenye ubao wenye mistari myeusi na myeupe kila treni inaposimama, kabla ya kufungua milango.

Jambo hili halikugharimu fedha, wala halikuhitaji mtaalamu wa kulipwa kwa siku. Lahitaji jambo moja tu ambalo ni gumu, nalo ni kwamba mtu asichekwe na wenzake. Tulijaribu mambo haya na wenzetu wachache katika kupima breki, kuanzia kwenye injini mpaka behewa la mwisho, kila mmoja akitaja kwa sauti alichokiona. Juma la kwanza tuliitwa watu wa maombi. Juma la tatu hakuna aliyecheka tena, kwa kuwa wacheshi wote walikuwa wamekwisha kuanza kutamka wao wenyewe.

Labda mtasema hayo ni ya Japani, na hapa ni Kenya. Vema, turudi nyumbani.

Reli hii ilianzwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1948 ikawa chini ya East African Railways and Harbours. Mwaka 1977 Jumuiya ya zamani ilivunjika, na mwaka 1978 ikazaliwa Kenya Railways. Mwaka 2006 treni zikakabidhiwa Rift Valley Railways, na mwaka 2017 mkataba huo ukavunjwa. Mwaka huo huo wa 2017 reli mpya ya kutoka Mombasa mpaka Nairobi ikafunguliwa, na vijana wengi wakaandikwa huko. Hesabuni ni mara ngapi jina kwenye kofia limebadilika. Kila mara alikuja mkubwa mpya mwenye bango jipya. Lakini katika karakana na yadi desturi zilipita toka mtu hata mtu, kama fundi anavyomrithisha mwanafunzi wake kisanduku cha vyombo.

Nyingine zilikuwa njema. Mtu wa gengi kutembea kipande chake cha njia kila asubuhi, akitazama nati na mataruma, hata siku ambayo mnyapara hayupo. Fundi wa zamani kugonga gurudumu kwa nyundo na kusikiliza mlio, maana gurudumu zima hulia kama kengele, na lililopasuka hutoa sauti nzito. Kutopita kamwe chini ya behewa lisilowekewa bendera. Hayo hayakuletwa na semina. Mzee mmoja alimfundisha mwingine, na aliyekiuka aliaibishwa na wenzake kabla mkubwa hajajua.

Nyingine zilikuwa mbaya, na mbaya kupita zote ni ile ya kwamba mtu wa chini hana maneno. Hiyo twaijua asili yake. Katika zama za ukoloni kazi za reli zilipangwa kwa rangi ya ngozi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na mshahara, nyumba na hata choo vikafuata ngazi hiyo. Katika mpango kama huo, Mwafrika aliyemwambia mkubwa kuwa chuma kimepasuka alihesabiwa kuwa ana kiburi. Ukoloni ulikwisha mwaka 1963. Ngazi ya rangi iliondolewa, lakini tabia ya aliyekaa juu ya ngazi ilibaki, na leo waweza kuikuta kwa mtu mweusi kama sisi, mtoto wa kijiji kama sisi, ambaye jana tu alikuwa akibeba nyundo. Msimamizi yule aliyetazama saa hakufundishwa ubaya na mtu wa leo. Aliupokea kwa msimamizi wake, naye kwa wake.

Kwa hiyo msingojee kampuni itujengee desturi. Wafanyakazi wa Mombasa walipogoma Januari 1947, watu kama 15,000 wa reli, bandari na kazi nyingine, walikutana kila siku katika uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini, wakasikilizana, wakashika nidhamu yao wenyewe wala hawakushikiwa na mkubwa yeyote. Wale hawakuwa na semina wala fulana.

Tena kuna mfano wa kiwanda cha motokaa huko Marekani, nasi tunautaja kwa kuwa chama cha wafanyakazi kilikuwamo ndani yake toka mwanzo. Katika mji wa Fremont, jimbo la California, kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda chenye sifa mbaya. Siku nyingine mtu mmoja katika kila watano hakuonekana kazini, ugomvi na mashitaka vilijaa, na motokaa zilitoka na makosa. Kikafungwa mwaka 1982. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota ya Japani, kikaitwa NUMMI. Walioandikwa kazi wengi walikuwa wale wale wa zamani, na chama chao kilikuwa kile kile. Lakini juu ya kila mahali pa kazi palining'inizwa kamba. Mfanyakazi yeyote akiona kosa aliivuta, na kiongozi wake alikuja mbio kumsaidia, na kama kosa halikurekebishwa kazi yote ilisimama. Katika kiwanda cha zamani mtu aliyesimamisha kazi angeweza kufukuzwa. Hapa aliulizwa, tukusaidie nini? Katika muda mfupi watu wale wale walioitwa wavivu na walevi wakawa wanatengeneza motokaa nzuri kuliko viwanda vingine vya kampuni yao.

Msidhani tunawapa hadithi ya peponi. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 2010 na watu wakapoteza kazi, na desturi njema haikuwaokoa. Mkataba mzuri wa chama bado ni lazima, na anayewaambia kwamba desturi njema yatosha badala ya mkataba mchungeni. Sisi twachukua kwa Fremont jambo moja tu, yaani watu hawakubadilishwa, kilichobadilishwa ni jibu alilopewa mtu aliyesema kuna kosa.

Tumewasema wakubwa, na sasa tujiseme sisi wenyewe, ijapokuwa baadhi yenu mtanung'unika. Kijana akija karakana, kwa miezi sita tunamfanya mpishi wa chai. Akiuliza swali twamwambia, wewe wa juzi wataka kujua nini? Halafu tunashangaa kwamba hajui kazi. Ovataimu ikigawanywa, wako wanaotazama jina la mtu na kabila lake kabla hawajatazama zamu yake. Vibarua huombwa kitu kidogo ili waitwe tena, na anayeomba si kampuni, ni mmoja wetu, na pengine ana kadi ya chama mfukoni. Yuko pia anayekuja zamu ya usiku ananuka pombe, nasi twamficha kwa kusema ni ndugu yetu. Ndugu yetu ni yule atakayekuwa chini ya behewa wakati huyo mlevi anaposhika breki. Mtu akitaka chama kimtetee asijieleze kwa nini alikuwa mlevi kazini, sisi tutamsindikiza tu asikilizwe kwa haki kama sheria inavyotaka, basi.

Hapa pana mpaka ambao lazima tuuchore vizuri, kwa sababu mkubwa mmoja alituuliza kwa kejeli kama twataka makosa yasiadhibiwe kabisa. Hapana. Mtu aliyelala akijua, aliyelewa, aliyeiba, hana haki ya kujificha nyuma ya maneno yetu. Lakini aliyekosea kwa bahati mbaya akasema upesi, na aliyeona kosa la mwingine akalitaja, na aliyesimamisha kazi kwa sababu ya hatari hata ikaonekana baadaye kwamba hatari haikuwapo, hao watatu wasipewe barua. Huyo wa tatu ndiye wengi hawamwelewi. Wasema, kama hapakuwa na hatari alitupotezea wakati. Sisi twasema dakika zile zilinunua macho yake ya kesho.

Wala hatuombi fadhili. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama na afya, na katika kamati hiyo wafanyakazi wana viti vyao sawa na wakubwa. Sheria hiyo hiyo yamkataza mwajiri kumfukuza au kumdhulumu mfanyakazi kwa kuwa tu alilalamika juu ya jambo analoliona si salama. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa sawasawa kazini. Mambo haya yameandikwa. Lakini ni wangapi hapa wanaojua majina ya wajumbe wetu katika kamati ile ya usalama? Inueni mikono. Naam. Mwaona wenyewe.

Basi Kamati ya tawi imekubaliana juu ya mambo ambayo tutaanza nayo, na tunayaleta kwenu myakubali au myakatae.

Tutakuwa na kitabu chetu cha makosa na hatari, mbali na kile cha kampuni. Kila ukurasa utakuwa na nakala ya kaboni. Atakayeona hatari ataandika tarehe, saa, namba ya behewa au mahali penyewe, na alichokiona kwa macho yake, wala si alichosikia. Ataandika jina lake kama anataka, na kama hataki mjumbe wa chama wa zamu ile atatia sahihi yake badala yake. Nakala itapelekwa kwa msimamizi siku hiyo hiyo, na msimamizi ataombwa aandike jibu katika muda wa siku saba. Mstari wa jibu ukibaki mtupu, jambo litakwenda kwenye kamati ya usalama, na kitabu kitawekwa mezani. Twataka jibu lirudi kwa yule aliyeandika, asomewe kama hajui kusoma. Kuna watu walioacha kusema hapa si kwa kuogopa. Walichoka tu kusema katika kisima.

Kila kijana mpya atapewa mzee mmoja wa kumfundisha kwa miezi mitatu, na jina la mzee huyo litaandikwa. Mzee akimtuma chai atamtuma baada ya kumfundisha kazi ya siku ile. Mwaweza kucheka, lakini jambo hili limeandikwa katika karatasi ya Kamati hivyo hivyo.

Na kwa kampuni tunapeleka ombi moja, kwa maandishi, kwa heshima. Kabla ya barua yoyote ya kujieleza juu ya kuchelewa kwa treni kumfikia mfanyakazi, iulizwe kwanza kama alisimamisha kazi kwa sababu ya usalama, na kama ni hivyo barua isitolewe. Tumeambiwa na ofisi kwamba jambo hili litafikiriwa. Tumejibu kwamba tutakuja kuuliza matokeo ya kufikiri huko kabla mwezi haujaisha.

Uchaguzi wa wajumbe wawili wa kamati ya usalama utafanywa Alhamisi ijayo, saa kumi na moja jioni, hapa hapa. Atakayesimama awe mtu anayefanya kazi kwa mikono katika yadi au karakana, asiwe mtu wa meza tu. Zamu ya usiku watapiga kura asubuhi wanapotoka, na katibu atakuwapo langoni na sanduku kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Kitabu chenyewe kiko kwa katibu, kimekwisha nunuliwa, na ukurasa wa kwanza umekwisha kuandikwa. Ni taa ya njia ya miguu kati ya karakana na lango, imezimika tangu juma lililopita. Sasa tumpishe Mwenyekiti apokee maswali.